Daftari Lililo Chini ya Debe la Unga

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilituuliza ni mkahawa gani wa mtaani kwetu unaowafaa majirani wake kwa kweli, na majirani nao waufanyie nini. Nitalijibu kwa kuieleza hoteli moja ndogo ya Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na soko. Naiita hoteli kwa sababu katika mji huu hakuna anayeaga wenzake kazini kwamba anakwenda mkahawani kula maharagwe. Mkahawa ni neno la magazetini, ilhali hoteli ni mahali penye benchi, chai na chapati, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Mwenye hoteli tunamwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi, lakini hakuniruhusu nilichapishe, kwa hiyo hapa atakuwa Mama tu.

Hoteli yenyewe ina meza sita, meko mawili ya makaa na mtungi wa gesi ambao huwashwa alfajiri tu, wakati wa chai ya watu wanaokimbilia matatu. Juu ya dirisha la jikoni pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: “Leo pesa, kesho deni.” Tangazo la namna hiyo limejaa katika hoteli za Nairobi, na mteja wa kudumu anajua lina uzito gani. Chini ya debe la unga wa chapati, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki, kuna daftari la shule la kurasa 96, na ndani yake umo karibu mtaa mzima.

Nalijua daftari hilo kwa sababu nami nimo. Mwaka 2020, kafyu ya korona ilipoanza mwishoni mwa Machi na hoteli zikaamriwa ziuze chakula cha kubeba tu, nilikuwa karani wa ghala katika Eneo la Viwanda. Katikati ya Aprili tuliambiwa twende nyumbani tusubiri kuitwa, na kusubiri huko kuliendelea hadi Agosti. Sikuwahi kumwomba Mama chakula. Nilifika dirishani siku moja nikiwa na shilingi 30 mfukoni, nikaagiza chapati moja na chai, naye akanifungia chapati mbili na maharagwe, akasema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia kila mtu bei, “Nimeandika.” Hakuniuliza kazi imekuwaje, wala hakunitazama kwa jicho la huruma, ambalo naamini lingenifukuza pale nisirudi tena. Nilipoitwa kazini nilikuwa nadaiwa shilingi 4,350, nikazilipa kidogo kidogo hadi Desemba.

Tangu siku hizo nimekuwa na kipimo kimoja cha hoteli inayousaidia mtaa wake, nacho ni kama inajua kustiri. Kulisha ni kazi ya kila mwenye sufuria. Kumlisha mtu asiye nacho pasipo aliyeketi naye benchi moja kutambua kwamba hana, hilo ni jambo lingine, na ndilo ninalodhani swali lenu lilikuwa likilitafuta.

Tazameni jinsi daftari lenyewe linavyoandikwa. Hakuna jina la mtu ndani yake. Kuna “fundi wa kona”, kuna “kofia nyekundu”, kuna alama ya gurudumu ambayo nadhani ni ya kijana wa bodaboda, na mimi, nilipokuja kulipa, niligundua nilikuwa “miwani”. Msichana anayehudumu hasemi kwa sauti kwamba meza fulani inakula kwa deni. Mteja husema “niwekee”, na sahani inayoletwa ni ileile, yenye kipimo kilekile cha ndengu na kijiko kilekile cha kachumbari kando. Hata sahani ya nusu, ambayo wengi huiagiza mwezi unapokaribia mwisho, huletwa katika sahani ndogo zaidi ili isionekane tupu. Mama hakusomea mambo haya popote, na nilipomuuliza kwa nini anatumia sahani ndogo alinijibu kwamba ni rahisi kuosha. Sikuamini.

Wenzetu wa dini ya Singasinga, yaani Masikh, wameufahamu ukweli huu kwa karne nyingi. Aliyewahi kusafiri kwenda Mombasa kwa gari anajua hekalu lao la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote huvua viatu, hufunika kichwa, huketi na kupewa dengu na chapati bila malipo na bila kuulizwa kabila wala dini. Siri ya mahali pale, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye gari kubwa na turuboi wake, yaani utingo wa lori, wanakula chakula kimoja katika ukumbi mmoja, hivyo haiwezekani kumtambua aliyeingia kwa njaa na aliyeingia kwa udadisi. Kwa kulinganisha, mjini Madrid, Uhispania, shirika moja la hisani lilifungua mwishoni mwa 2016 mkahawa uitwao Robin Hood, ambao wateja wa mchana walilipa bei ya kawaida na fedha zao ziligharimia chakula cha jioni cha watu wasio na makao, walioandaliwa meza zenye vitambaa na kuhudumiwa kwa heshima. Ni wazo jema, na sina haja ya kulibeza. Lakini kila aliyeuvuka mlango ule jioni alijulikana kuwa hana, na katika mtaa kama wetu, ambapo kuta za vyumba ni nyembamba na habari hazina kafyu, mlango wa namna hiyo ungebaki bila watu.

Mfano wa hapa nyumbani unaonipendeza zaidi si wa hoteli, bali wa jiko la shule. Wawira Njiru alianza mwaka 2012 kwa kuwapikia watoto 25 huko Ruiru, na shirika lake la Food4Education ndilo lililoshirikiana na serikali ya kaunti ya Nairobi kuanzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023. Mtoto wa shule ya umma analipa shilingi 5 kwa mlo. Mzazi hutuma fedha kwa simu, mtoto huvaa kikuku mkononi, na wakati wa chakula hukigusisha kwenye kifaa akapita na sahani yake. Watu wengi husifu teknolojia, nami nasifu vitu viwili vidogo kuliko hiyo: kwamba mtoto amelipa, ijapokuwa ni kidogo, na kwamba mwenzake aliye nyuma yake kwenye foleni haoni ni nani aliyetoa sarafu na ni nani aliyekosa.

Narudi Jericho. Deni la hoteli haliishii hotelini, na hapa ndipo wengi wanaoyasifu mambo haya kwa mbali hukosea. Mama hana benki ya kumwazima. Ninapoandikwa mimi, Mama naye huandikwa na muuza makaa, na kwa mama mboga wa kibanda cha jirani ambaye humpa sukuma wiki na vitunguu asubuhi akitarajia malipo jioni, na huyo mama mboga ana mtu wake kule Marikiti, soko la jumla la mboga, anayemngoja. Niliuliza wakati mmoja kwa nini asiamke saa kumi alfajiri akanunue mboga zake mwenyewe Marikiti, ambako fungu ni nafuu zaidi. Akaniambia kwamba Marikiti hakuna anayemjua, na kwamba ile shilingi anayomzidishia jirani ndiyo inayomfanya jirani amngoje siku ambazo wateja hawakulipa. Kwa hiyo mia tatu ninayokawia kuileta hupita mikononi mwa watu watatu ambao hawajawahi kuniona, na kila mmoja wao huipunguza chajio ya nyumbani kwake kidogo. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, lakini nadhani walikuwa wakifikiria deni la mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana Mama ana masharti, na ni makali kuliko sura yake. Haandiki deni la mtu mpya. Haandiki soda wala sigara. Ukipita kiasi anachokijua yeye peke yake, “nimeandika” hugeuka kuwa “leo imeisha”, hata kama sufuria inafuka moshi mbele yako. Nilipita kiasi hicho mara mbili na bado akaniwekea, kwa hiyo siwezi kudai kwamba masharti hayo hufuatwa sawasawa kwa kila mtu. Wapo waliokula wiki tatu kisha wakahamia Kayole bila kuaga. Wapo ambao bado wako mtaani na hupitia upande wa pili wa barabara, wakijifanya kutazama simu. Katikati ya mwaka 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, alifunga daftari kwa karibu mwezi mmoja na kuacha kabisa kupika ugali mchana, akapika githeri peke yake. Tulilalamika sana. Sasa naona kwamba kufunga daftari ndiko kulikookoa hoteli, kwani hoteli iliyofungwa mlango haimstiri mtu.

Kuna msaada mwingine ambao hauandikwi popote. Mtaani kwetu mtu akifariki, ndugu na majirani hukutana kila jioni kuchanga fedha za hospitali, jeneza na gari la kuupeleka mwili nyumbani. Mikutano hiyo inahitaji paa, taa na viti, na kumbi za kukodi zina bei. Mama huwapa wafiwa meza mbili za nyuma kuanzia saa moja usiku, huuza chai kwa anayetaka, na hutunza daftari la michango pamoja na lile lake, jambo ambalo siku moja lilisababisha mchango wa marehemu kuandikwa kwenye ukurasa wa “kofia nyekundu”. Tulicheka, hata wafiwa.

Nisije nikaonekana kuwa nasifu moshi na uchafu. Sheria inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya kila baada ya miezi sita na awe na cheti, na sheria hiyo ni ya haki hata kama maafisa wengine huitumia vibaya. Maji ya bomba hutoka siku chache kwa wiki, siku nyingine hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa mkokoteni, na hoteli inayopunguza maji ya kuosha sahani ili ipunguze gharama inawadhuru haohao inaodai kuwalisha. Nairobi imeonja kipindupindu zaidi ya mara moja. Mama hubandika vyeti vya wafanyakazi wake wawili pembeni mwa lile tangazo la deni, na hilo tangazo la pili nalichukulia kwa uzito zaidi.

Kuhusu mikahawa mikubwa ya Westlands na Kilimani ambayo hutembelea makao ya watoto kila Desemba ikiwa na wapiga picha, nina machache. Sina neno na mchele waliotoa. Ila ningependa kujua mhudumu aliyebeba sinia usiku huo alirudi nyumbani kwa gari gani baada ya saa tano, na kama alikula chakula cha jikoni au alikwenda kununua chapati kibandani. Mhudumu naye ni jamii.

Sehemu ya pili ya swali lenu, ya majirani waufanyie nini mkahawa wao, ni ngumu zaidi. Niliwahi kumshauri Mama aweke mkebe mezani ili wateja wenye nafuu watumbukize chenji ya kuwalipia wengine. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Alisema kwamba mkebe ukiwepo, kila mtu atamtazama anayekula ili akisie kama ni yeye anayelipiwa, na mwenye haja halisi atalala njaa kuliko kuketi mbele ya mkebe huo. Nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo.

Tulichokubaliana mwishowe ni jambo la biashara tupu. Maharagwe yanayonunuliwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ni ghali kuliko yanayonunuliwa kwa gunia, na Mama hununua kwa gorogoro kwa sababu kila asubuhi ana fedha za jana tu. Kwa hiyo wateja kumi na mmoja tuliahidi kwamba kila Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, kila mmoja wetu atamtumia kwa M-Pesa shilingi 600, ambazo ni chakula chake cha mchana cha siku sita, ili Mama aanze wiki akiwa na shilingi 6,600 na kununua nusu gunia kwa mkupuo. Tofauti ya bei inabaki kwake, na akitaka kuitia katika lile daftari lililo chini ya debe, hiyo ni siri yake. Tulianza wiki mbili zilizopita. Jumatatu ya kwanza walilipa saba. Jumatatu iliyofuata walilipa tisa, na mimi, niliyeandika mpango wenyewe, nililipa Jumanne.