Waulize nani atautunza huo mche

Dada, umeuliza kama kampuni ya utalii inayopanda mti kwa kila mgeni inafaa kuungwa mkono. Inafaa, ila kwanza waulize nani anautunza mche watu wakishapiga picha. Uliopandwa Januari hapa Nairobi, jua likiwa kali, hukauka upesi. Subirini mvua za Machi au Oktoba ziloanishe udongo, na iwe miti ya kienyeji kama mukinduri au muiri, si mikaratusi inayofyonza maji. Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, bado unaondolewa miti ya kigeni ili ya asili irudi! Mimi ningechagua kampuni inayolipa kikundi cha jamii kupalilia na kumwagilia kwa miaka kadhaa, hata kama inapanda michache.