Kichwa kinachotazama ubavuni: maswali na majibu kuhusu chupa za kupulizia

Barua za safari hii karibu zote zina lalamiko moja: kichwa cha chupa ya kupulizia hakitazami kule kinakotakiwa kutazama. Nimejibu saba. Ili tuelewane tangu mwanzo: kichwa ni kile chenye kifyatulio na pua; pete ni ile inayozungushwa kukaza; thredi ni michirizi ya shingoni ambayo pete inaipanda; washa ni kile kiduara laini cha ndani kinachozuia kuvuja.

Fundi, nina chupa bapa ya kupulizia. Nikikaza kichwa hadi mwisho, pua inatazama ubavuni. Nikikirudisha kitazame mbele, kinavuja. Mwenye kosa ni mimi au chupa?

Ni chupa, wewe huna kosa. Thredi inajua kubana. Kuelekeza haijui, na aliyeipa kazi zote mbili ndiye aliyekuletea usumbufu huo.

Chukua shingo ya kawaida ya milimita 28. Kila mzunguko mmoja kamili, thredi yake inapanda milimita 4.23. Sasa piga hesabu kidogo: sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kuandikia, ni nyuzi 8.5 kati ya 360 za mzunguko mzima. Washa ikizidi unene kwa milimita 0.3 tu, kichwa kinakwama nyuzi 25 kabla ya kufika mahali pake. Na washa nayo haibaki vilevile. Ikiwa mpya inasukuma. Ikishabanwa siku kadhaa inalala, na kichwa kilekile, kwa mkono uleule, kinapita pale kiliposimama jana. Hakuna kiwanda kitakachokupa washa, shingo na kifuniko vinavyolingana kiasi cha kumaliza tatizo hilo milele.

Dawa ni kuzigawa kazi mbili hizo. Kichwa kikae juu ya shingo bila kuzunguka, na pete peke yake izunguke chini yake. Vichwa vingi vimetengenezwa hivyo, ila wengi wetu tunavikaza kwa kushika kifyatulio, na hapo tumeshaharibu. Shika kichwa kwa mkono mmoja kitazame mbele, kisha kaza pete kwa mkono wa pili. Usipokishika, washa inakiburuta kufuata pete katika robo ya mwisho ya mzunguko, pale msuguano unapokuwa mkubwa.

Muundo ulio bora zaidi unaongeza ufunguo: vijino viwili chini ya kichwa vinavyozama kwenye mifereji ya mdomo wa shingo. Kichwa kinaelekea mbele kwanza, ndipo pete inakaza, na hata ukiburuta kinakataa kugeuka.

Kama cha kwako kichwa na pete ni kitu kimoja, kuna ujanja wa nyumbani. Washa ya ziada ya milimita moja inakirudisha nyuma karibu robo mzunguko. Usirundike mbili au tatu, maana kila washa unayoongeza inakula thredi, na mwisho kichwa kinabaki kimeshikwa na ncha tu.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu. Nimebuni kifuniko cha kusukuma hadi kilie klik, hakizungushwi. Shingo ina vinundu viwili, kushoto na kulia, na sketi ya kifuniko, yaani ukuta wake unaoshuka kuzunguka shingo, ina madirisha mawili ya kuvinasa. Kinashika vizuri, lakini wenzangu wanakikalisha kinyume kila mara, pua ikitazama mgongo wa chupa. Niandike neno MBELE juu yake?

Marahaba. Weka kalamu chini kwanza.

Madirisha yako mawili yanafanana na yanatazamana. Kizungushe kifuniko nusu mzunguko, kinajilinganisha na shingo upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo plastiki yako inasema pande zote mbili ni sahihi. Wenzako wamefuata walichoambiwa.

Mwaka 1961 mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alikuta kiwanda kinachounganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili na springi mbili. Wafanyakazi walikuwa wakisahau springi moja, swichi inafika kwa mteja imelegea, kisha wanakaripiwa, wanajirekebisha siku mbili tatu, wanasahau tena. Yeye hakumkaripia mtu. Aliweka kisahani: toa springi mbili uziweke humo kabla ya kuanza, ukimaliza na moja imebaki, swichi haijakamilika. Njia za namna hiyo kwanza ziliitwa kwa Kijapani baka-yoke, yaani kinga dhidi ya mjinga, kisha jina likabadilishwa kuwa poka-yoke, kinga dhidi ya kosa la kupitiwa. Mimi nalipenda badiliko hilo la jina kuliko hata kisahani chenyewe. Ukianza kuchora huku kichwani mwako mtumiaji ni mjinga, utamwandikia maneno. Ukijua kuwa amepitiwa tu, utabadilisha umbo.

Kwa hiyo vunja ulinganifu. Kinundu kimoja kiwe kipana, cha pili chembamba, na madirisha vivyo hivyo. Au sogeza kimoja kisitazamane na mwenzake sawasawa. Au ongeza ubavu mmoja mgongoni mwa shingo na mfereji wake kwenye sketi.

Angalia mtego niliouingia mimi mwenyewe. Kifuniko changu cha kwanza cha aina hii kilikuwa na tofauti ya nusu milimita kati ya kinundu kipana na chembamba. Kwenye kompyuta kilikataa kinyume bila shida yoyote. Kilipofika mikononi mwa watu wa kufungasha, kiganja kimoja kikishuka kwa nguvu, plastiki yake, polipropilini, ikapinda, kikaingia kinyume na kikalia klik. Klik ya uongo! Tulizipata chupa hizo zikiwa zimeshawekwa kwenye maboksi, zimejipanga vizuri, pua zinatazamana kama wagomvi.

Nilijifunza kwamba plastiki laini haikatai tofauti ndogo, inaisamehe. Nilichora upya vinundu vya milimita 9 na 4, na ubavu wa mgongoni nikaupandisha juu kuliko vinundu ili uwe wa kwanza kugusa. Hilo la kugusa kwanza lina uzito kuliko vipimo vyenyewe. Kizuizi kije mapema, kabla mkono haujapata kasi, maana kiganja kikishafika nusu ya safari hakiulizi tena, kinamalizia. Kikija mapema, kifuniko kilichogeuzwa kinabaki juu, kimeinama upande mmoja, na mtu aliye mwisho wa meza anaona.

Sehemu inayoingia iwe na mteremko mpole, na ile ya kuzuia kutoka iwe bapa, isiyo na mteremko. Nyaraka nyingi za wanafunzi ninazoletewa zinaweka mteremko pande zote mbili kwa ajili ya uzuri wa mchoro, kisha wanashangaa kifuniko kinachomoka.

Ukimaliza, mfumbe mtu macho, mpe glavu zenye maji ya sabuni, na umpe chupa kumi azifunge. Usimwambie kitu. Zikitoka kumi sawa, ndipo uandike MBELE kama bado unatamani.

Tunajaza sabuni ya maji kwenye chupa bapa za PET, plastiki ile ya chupa za maji ya kunywa, na kufunga vichwa vya kuzungusha ambavyo vinatakiwa kusimama vikitazama mbele. Chupa moja inakubali, inayofuata inakwenda kombo. Muuza vichwa anasema tatizo ni chupa, muuza chupa anasema ni vichwa. Nimwamini nani?

Kwa dalili ulizotoa, muuza vichwa. Lakini usimwamini kwa maneno, pima.

Chupa ya PET huzaliwa mara mbili. Kwanza inatoka kitu kifupi kinene kama bomba la maabara, na shingo yake tayari imekamilika, thredi na yote. Baadaye kinapashwa moto, kinawekwa ndani ya kalibu, kinavutwa kwa fimbo na kupulizwa kwa hewa hadi kiwe chupa. Shingo haiguswi tena. Sasa kama mashine inakishika kwa upande wowote kinavyokuja, mwanzo wa thredi unaangukia popote: kwenye chupa hii uko mbele, kwenye ile uko ubavuni. Kwa chupa ya duara hakuna atakayejua. Kwa chupa bapa kila kichwa kinajitazamia kwake.

Chukua chupa 20 kutoka mzigo mmoja. Tafuta pale thredi inapoanza na uweke alama ya kalamu ya wino. Zipange zote zikitazama mbele, uziangalie kwa juu. Alama zikiwa zimetawanyika kama namba za saa, mpelekee muuza chupa picha hiyo. Dawa yake anaijua: kijikato kwenye ukingo wa shingo, chini ya thredi, na mashine inayokitafuta na kugeuza kila kibomba kabla ya kukipuliza. Atakuambia inaongeza gharama, na hapo hasemi uongo.

Alama zikiwa mahali pamoja, mrudie muuza vichwa, uanze na unene wa washa.

Chupa za HDPE, plastiki ya aina nyingine, zinazopulizwa moja kwa moja kutoka kwenye bomba la plastiki moto hazina balaa hili, kwa kuwa shingo na mwili hutoka katika kalibu moja na mwanzo wa thredi hauhami. Zina la kwao: plastiki hiyo husinyaa sana ikipoa, na mdomo huweza kutoka usio sawa.

Mshale na rangi tofauti havitoshi?

Vinasaidia wakati mtu anaangalia. Watu wengi hufunga chupa wakiangalia kitu kingine.

Kwa nini chupa yangu inaanza kukohoa hewa wakati chini bado kuna dawa inayoonekana kabisa?

Inamisha chupa kama unavyopulizia meza, halafu uitazame. Dawa inakimbilia kona ya mbele, chini ya pua. Mrija unaoinyonya dawa kutoka chini nao umesimama katikati au, vibaya zaidi, umejikunja kuelekea nyuma. Mrija huo ulikatwa kutoka kwenye mviringo uliokuwa umeviringishwa, na plastiki haisahau mkunjo wake.

Fungua kichwa, uzungushe mrija wenyewe kwenye tundu lake hadi mkunjo utazame upande wa pua, urudishe. Ni kazi ya dakika moja, na chupa inamaliza karibu yote. Kama kazi yako ni kupulizia juu, vioo virefu au dari, ugeuze kinyume, kwani hapo dawa inakimbilia nyuma.

Tazama pia ncha ya mrija. Inatakiwa iwe imekatwa kimshazari, ili isijibandike kwenye sakafu ya chupa na kuziba. Na usiukate wa kwako urefu kamili hadi chini: mrija wa polithilini ukikaa ndani ya baadhi ya viyeyushi unavimba na kurefuka, kisha unajikunja na kuinua ncha kutoka kwenye dawa.

Hii, kwa waliouliza, ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania kichwa chenye upande mmoja tu. Kisipojulikana kitakaa kikitazama wapi, hakuna maana ya kuuelekeza mrija kiwandani.

Nimenunua kichwa cha 28 kwa chupa ya 28 na bado hakikai. Nimeibiwa?

Hapana, umesoma namba moja kati ya mbili. Baada ya 28 kuna 400, 410 au 415. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili inaeleza urefu wa shingo na wingi wa thredi: 400 ni kama mzunguko mmoja, 410 mmoja na nusu, 415 miwili. Kifuniko cha 410 kwenye shingo ya 400 kinagonga bega la chupa kabla washa haijagusa mdomo, kinavuja. Kipenyo ni kilekile ndiyo maana kinakudanganya.

Mimi hujaza upya chupa zangu. Siku hizi vichwa vingi vikilia klik havitoki tena. Mmebuni hivyo ili tununue chupa mpya?

Wakati mwingine ndiyo, na sitamtetea mtu. Kichwa cha kusukuma ni rahisi kwa mashine na kinakaa sawasawa bila kuelekezwa mara mbili, kwa hiyo mwenye kiwanda anapata faida hiyo na wewe unapoteza chupa. Inawezekana kuchora kinundu kinachoachia ukibana sketi pande mbili kwa pamoja. Nimeshachora viwili vya hivyo. Vinakubali upande mmoja tu na vinatoka ukitaka.

Isipokuwa dawa kali. Hapo kufuli ina mahali pake, na ina kipimo chake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8317 kinawapa chupa watoto wa miezi 42 hadi 51: angalau asilimia 85 washindwe kuifungua kwa dakika tano, na hata baada ya kuonyeshwa, angalau asilimia 80 bado washindwe. Kisha inapewa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, na 90 katika kila 100 lazima waweze. Pua ya kuzungusha ya kufunga na kufungua, ile iliyopo kwenye chupa nyingi, haihesabiwi kuwa kinga ya mtoto kwa sababu tu inafunga. Kwa hiyo ukihamishia dawa kali kwenye chupa yenye kichwa chepesi, umeivua kufuli yake, hata kama pua inatazama mbele sawasawa. Iache kwenye chupa yake, na ujaze upya zile za sabuni na maji.