Kabla ya Kufika Mia, Aijue Tano

Binti yangu alipotimiza miaka mitatu alikuwa akihesabu kutoka moja hadi ishirini bila kukwama, na kila mgeni aliyefika kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, alilazimika kumsikiliza na kumpigia makofi. Nilijivuna kwelikweli. Kisha jioni moja nikamtuma jikoni aniletee vijiko vitatu, naye akarudi amekumbatia rundo zima. Nilipomwambia avihesabu, alivigusa kimoja kimoja hadi akafika saba, nami nilipomwuliza, "Kwa hivyo ni vingapi?" akaanza upya: moja, mbili, tatu. Ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nimemfundisha wimbo, wala si hesabu.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza mwaka wa 1978 kanuni ambazo mtoto huzitegemea anapohesabu, na tatu kati yake zilinifafanulia yale niliyoyaona kwenye vile vijiko. Kila kitu hupewa neno moja tu. Maneno yenyewe hufuatana kwa mpangilio usiobadilika. Na neno la mwisho kutamkwa ndilo linalotaja idadi ya vitu vyote. Binti yangu alikuwa na ile ya pili barabara, ya kwanza kwa kusuasua, na ya tatu hakuwa nayo kabisa. Mzazi anayetaka kujua mwanawe amefika wapi asimwambie ahesabu, bali amwombe vitu: "Nipe vitatu." Mtoto anayejua tatu atakupa vitatu na kuacha, asiyejua atakupa alichoweza kushika.

Basi nikarudi nyuma. Kwa majuma kadhaa hatukupita tano, ingawa bibi yake alinung'unika kwamba nampotezea mtoto muda. Darasa letu kubwa lilikuwa kibanda cha mama mboga aliye nje ya lango la ploti, ambaye huzipanga nyanya zake kwa mafungu ya nne nne, tatu chini na moja juu. Jicho la binadamu, hata la mtu mzima, hutambua vitu vitatu au vinne kwa kutupa macho tu, bila kuvihesabu, na fungu la nyanya ni kipimo hasa cha uwezo huo. Siku ya kwanza binti yangu alizigusa moja moja. Baada ya siku nyingi za kwenda na kurudi, mama mboga alimwuliza, "Haya mama, ni ngapi hapo?" naye akajibu "Nne!" kabla hajanyoosha kidole. Mama mboga akachukua nyanya nyingine na kuiweka kando ya fungu, akasema, "Na hii ni nyongeza yako. Sasa?" Mtoto akaitazama ile nyongeza kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza, kisha akasema tano. Sijui mwalimu ambaye angeeleza kujumlisha moja kwa njia bora kuliko hiyo.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Mtoto hukariri "moja, mbili, tatu", lakini kwenye sentensi hukutana na vijiko viwili, mayai mawili, watoto wawili, na binti yangu kwa muda fulani aliamini kwamba "viwili" ni kitu kingine kisichohusiana na mbili. Nakiri kwamba hapa Nairobi wengi wetu husema "mayai mbili" na maisha yakaendelea, lakini niliona afadhali nimsemeshe kwa upatanisho sahihi huku nikimwonyesha vidole viwili kila mara, na baada ya muda fumbo likamfumbukia lenyewe. Afueni ni kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Afueni kubwa zaidi huja baada ya kumi, kwa kuwa "kumi na tatu" hujieleza: tulipanga vizibo kumi vya soda upande mmoja na vitatu upande wa pili, na jina la namba likawa ndilo picha yake. (Vizibo vina makali, kwa hiyo vikague kwanza. Maharagwe niliyaacha siku kaka yake mdogo alipoingiza moja puani.)

Kutambua tarakimu ni kazi tofauti na kuhesabu, na ninashauri isianze hadi mtoto aijue idadi yenyewe, la sivyo 3 itakuwa mchoro tu. Nilikata kadi za katoni, upande mmoja nikachora nukta kama za dadu na upande wa pili nikaandika tarakimu, tukacheza kwa dakika kumi hivi kwa siku, na alipochoka tuliacha. Nje ya nyumba namba ziko kila mahali: kwenye milango ya fleti, kwenye sarafu za shilingi 1 na 5, na kwenye vioo vya matatu. Stejini hushangilia 58 ya Buruburu kwa kutaja tano kisha nane, nami simsahihishi, hamsini itakuja. 6 na 9 bado zinampiga chenga, na 2 huiandika ikitazama nyuma, jambo la kawaida kwa watoto wa umri wake.

Lililonisumbua zaidi ni daftari. Alipoingia PP1, darasa la kwanza la elimu ya awali, akiwa na miaka minne, alianza kurudi nyumbani na kazi ya kuandika 1 hadi 50, kurasa mbili, huku akilia. Nilimwendea mwalimu wake, nikamweleza kwa heshima kwamba mtoto anaandika 37 ilhali hajaweza kunihesabia vitu kumi na viwili bila kuruka kimoja. Mwalimu alinisikiliza na kukubali aandike hadi 10 tu, mradi nami nifanye naye mazoezi ya vitu. Kwa maoni yangu wazazi ndio tunaozisukuma shule kwenye kurasa hizo, kwa kuwa daftari lililojaa huonekana na kuhesabu nyanya hakuonekani.

Wiki iliyopita tulipita tena kibandani, nikaomba nyanya za hamsini kama kawaida. Nilikuwa nimeshafungua mkoba wakati binti yangu aliponivuta sketi na kusema kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia: "Leo ni tatu." Mama mboga alicheka mpaka akashika kiuno, akatuambia kwamba nyanya zimepanda bei, kisha akampa nyongeza.