Video Ina Mistari ya Kijani? Weka Chini Hiyo Flash ya Windows

Wadogo zangu wa benchi, tuelewane. Mteja akisema "fundi, video zinapasuka, zinatoa mistari," dawa si kupiga Windows upya. Wiki hii nimemwona kijana mwenye akili zake timamu akifomati laptop nzima ya EliteBook kwa sababu ya muvi moja iliyokuwa inavunjika vipande vya mraba. Akamaliza, akaweka draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine), akaweka VLC ya kuchezesha video, akafungua muvi ileile. Vipande vilevile. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeiigiza.

1. Tafuta picha inaharibikia wapi. Video inatoka kwenye faili, inafunguliwa na dekoda (kifunguaji cha video iliyobanwa), inapita kwa draiva na GPU (chipu ya picha), inaingia kwenye waya, ndipo inafika kwenye kioo. Piga skrinishoti, irushe kwenye simu, itazame huko. Ikiwa na mistari, achana na kioo na waya. Ikiwa safi, anza na hivyo hivyo viwili. Nasisitiza simu kwa sababu kuna mtu hapa, simtaji, aliifungua skrinishoti kwenye kioo kilekile kibovu, akatangaza GPU imekufa. Mteja akaanza kupiga simu kwao kuomba hela.

2. Ni faili moja au zote? Muvi moja ya kibandani ikipasuka na nyingine zinacheza, faili ndilo bovu. Fremu nyingi za video huhifadhi tu kilichobadilika tangu fremu ya nyuma, kwa hiyo data ikikosekana mahali pamoja, uchafu unaburutwa mpaka ije fremu kamili.

3. Kijani kitupu. Video huhifadhi mwangaza kivyake na rangi kivyake, na namba zote zikiwa sifuri, hesabu ya kuzigeuza kuwa rangi za kioo hutoa kijani. Maana yake mara nyingi dekoda imetoa kapa. Kwenye VLC ingia Preferences, ukurasa wa Input / Codecs, umzuie kutumia GPU kufungua video. Kwenye Chrome zima graphics acceleration iliyo chini ya System. Ikipona, tafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine.

4. Bakapu inafunguliwa, haihesabiwi. Hapa nikae kidogo. Na mimi nilikuwa na moto kama wenu. Mama mmoja alileta laptop, video za harusi ya bintiye zinatoa mistari ya kijani. Leo najua ilikuwa kazi ya kuondoa tiki moja. Siku ile nikamwambia, "Mama, hii ni Windows, njoo jioni." Nikahamishia video zote kwenye flash yangu ya GB 64, niliyoinunua barabarani kwa bei ya chipsi mayai. Nikalinganisha majina, nikalinganisha ukubwa, vyote sawa. Nikafomati.

Kuzirudisha sasa. Za mwanzo zikacheza freshi, nami nikawa napiga mluzi. Iliyofuata ikafika pale maharusi wanaingia ukumbini, ikapasuka. Zilizobaki hazikufunguka kabisa. Flash ilikuwa feki: chipu yake imepangwa itangaze GB 64 ilhali kumbukumbu ya kweli ni ndogo, na ikijaa haikatai, inaendelea kupokea na kutupa. Orodha ya majina na ukubwa huandikwa sehemu ya mwanzo ya flash, ndiyo maana nilipohesabu kila kitu kilikuwepo. Nikakimbilia programu za kufufua mafaili. Mashine ina SSD, diski ya chipu, na Windows ikifomati SSD huiambia kwamba data ya zamani haihitajiki tena, nayo huifuta. Nilichofufua ni sifuri tupu. Mpiga video wao naye alishafuta za kwake.

Jioni mama akaja na huyo binti. Nikaanza maelezo marefu ya chipu na kumbukumbu. Akanikatiza taratibu: "Mwanangu, si ulisema ni Windows?" Sikutaja bei, naye hakuuliza. Kumbuka video zilikuwa nzima zilipoingia dukani kwangu. Mimi ndiye niliyeyageuza matatizo ya kuchezesha kuwa matatizo ya faili.

Flash mpya ipitishe kwanza kwenye H2testw, programu inayoijaza data na kuisoma tena kuona kama ukubwa wake ni wa kweli. Bakapu ikiisha, fungua faili la mwisho kutoka kwenye flash yenyewe na ulisogeze hadi dakika zake za mwisho.

5. Desktop ikigeuka zambarau, shika waya wa VGA kabla ya bisibisi. Pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Kijani kikikatika, hata jezi nyeupe ya Simba inageuka zambarau.

6. Kuna mashine haziumwi, zimezeeka tu. Mashine ya Intel ya kizazi cha nne haina dekoda kamili ya HEVC (mbano mpya wa video) ndani ya chipu, hivyo mzigo unaangukia prosesa, picha inaganda na sauti inatangulia. Kizazi cha sita kinaiweza HEVC yenye rangi za biti 8. Ya biti 10 inataka cha saba. Geuza muvi iwe H.264, mbano wa zamani unaofunguka kirahisi, kwa programu ya HandBrake, lakini taja bei na muda mapema, kwa sababu mashine ya namna hiyo inaweza kukesha na muvi moja, na mteja atakaa hapohapo kwenye stuli yako akikuuliza imefika asilimia ngapi.