Kitufe cha kukimbia: kiwepo au kisiwepo?

Ndugu, umeuliza kama mchezo wa video wa risasi wa wachezaji wengi unaoutengeneza uwe na kitufe cha kukimbia. Mimi ningeanza bila hicho kitufe. Kwa kawaida anayekimbia hawezi kufyatua, kwa hiyo kila mara anachagua kati ya kufika na kupigana. Tena aliyezidiwa hutoroka kirahisi, jambo linaloudhi sana. Counter-Strike, mchezo mwingine wa risasi, haina mbio, ila ukishika kisu unakwenda kasi zaidi, na inatosha kabisa.

Ukiamua kuziweka, ziwe na gharama: mchezo wa Halo 5 wa 2015 ulizuia ngao inayokukinga na risasi kujijaza tena ukiwa mbioni. Ijaribu kasi na wachezaji halisi kabla hujachora ramani. Ukiibadilisha baadaye, umbali wote uliopima unaharibika.