Aanze na karatasi, mdomo baadaye

Mmeuliza wiki hii mwanafunzi anayeingia mashindano ya mdahalo kwa mara ya kwanza aanze na nini. Najua wengi watasema sauti, kujiamini, misamiati mizito. Mi nasema aanze na karatasi na masikio, na nasema hivo kwa sababu nimeongea miaka kadhaa alafu saivi nakaa kiti cha jaji.

Mdahalo wangu wa kwanza mada ilikuwa kazi wanazopewa wanafunzi wakafanyie nyumbani zifutwe, sisi tunaunga mkono. Nikakariri hotuba nzima, nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka mkono ukajua unyanyuke wapi. Hoja yetu kubwa ilikuwa zinachosha wanafunzi. Mpinzani wa kwanza akasimama akasema kwa upole kabisa, tunakubali zinachosha, mazoezi yote yanachosha, swali ni kama zinamsaidia mtu kuelewa. Mi msemaji wa pili nikaamka nikaimwaga hotuba yangu vilevile kama nilivyoikariri, dakika zote zile nathibitisha kitu ambacho hakuna aliyekibishia, na jaji kalamu ameshaiweka mezani. Sitasahau ile kalamu.

Sasa ukipewa mada, kabla hujaandika hata hoja moja ya kwako andika za upande wa pili, tena zile kali, sio zile dhaifu za kujifurahisha. Alafu hoja yako iulize kwa nini mpaka ichoke. Zinachosha, sawa, kwa nini hilo ni tatizo, kwa nani hasa? Ndo unafika kwenye kitu chenye nyama: watoto wawili darasa moja, mmoja nyumbani ana meza, utulivu na mtu wa kumuuliza, mwenzake analea wadogo zake mpaka usiku, kwa hiyo maksi za ile kazi zinapima nyumba badala ya kichwa. Hiyo huwezi kuikubali kirahisi ukapita. Watakujibu basi maksi zisihesabiwe, kazi zibaki, na hapo ndo mdahalo unaanza kweli.

Muda nao ujue mapema maana kila mfumo na wake. Kwenye ule wa bunge la Uingereza, unaotumika mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, zipo timu nne za watu wawiliwawili, mada inatoka mnapewa dakika 15 tu za kujiandaa, hakuna intaneti, na kila mtu anaongea dakika 7. Kwenye mashindano ya dunia ya shule ni timu mbili, wasemaji watatu kila upande, dakika 8 kila mmoja, na baadhi ya mada mnazijua mapema, alafu mwishoni kuna hotuba ya kufunga ya dakika 4 ambayo hairuhusiwi kuleta hoja mpya. Watoto wengi wanaanguka hapo, wanakumbuka hoja tamu mwishoni wanaichomeka, na jaji hata haihesabu.

Ukishakaa ukumbini gawa karatasi safu mbili, kushoto walichosema, kulia utakachojibu, kalamu rangi mbili kama unazo. Usiandike kila neno, utapotea, andika dai na sababu yake. Pakiwa wazi kulia ujue hujajibu. Na kujibu sio kusema "hiyo sio kweli", sema kwa nini sio kweli, alafu sema hata kama ni kweli bado sisi tunashinda kwa sababu hii na hii, hapo umepangua mara mbili.

Kuna na yale maswali unayosimama kumuuliza mpinzani katikati ya hotuba yake, sekunde 15 zinatosha, na dakika ya kwanza na ya mwisho ya hotuba yake hauruhusiwi. Ukiwa wewe ndo unaongea pokea moja au mawili, ukikataa yote unaonekana unaogopa, ukipokea yote wamekula muda wako.

Kutetemeka kupo tu, hata mi nilikuwa nashika meza. Ongea taratibu kuliko unavyotaka, basi.

Alafu mkishindwa mfuateni jaji na karatasi yenu, msiende na hasira, muulizeni hoja ipi haikujibiwa. Mara nyingi nikiulizwa hivo naishia kuwaonyesha kwenye karatasi yao wenyewe, wameiandika vizuri kabisa safu ya kushoto, kulia peupe.