Uliza Tujibu: Mdogo Agawe, Mkubwa Achague?

SWALI: Marehemu baba ametuachia ekari nne za zabibu hapa Mpunguzi. Tuko wanaume watatu na dada mmoja. Kaka mkubwa kasikia kwamba mfalme mmoja wa zamani kule Wales aliagiza kitindamimba agawe, mkubwa achague. Kitindamimba ni mimi. Ni kweli, au wanataka kunipunja?
Kitindamimba, Mpunguzi, Dodoma

JIBU: Ni kweli. Mfalme huyo ni Hywel Dda, yaani Hywel Mwema, mjukuu wa mfalme Rhodri Mawr. Alihiji Roma mwaka 928, akatwaa Gwynedd, ufalme wa kaskazini mwa Wales, mwaka 942 binamu yake Idwal aliyeutawala alipouawa na Waingereza, akafa mwaka 950 sehemu kubwa ya Wales ikiwa mkononi mwake. Nakala za zamani zaidi zilizobaki za sheria zenye jina lake ni za karne ya 13, kwa hiyo si kila kifungu ni chake.

Kama shambani hakuna nyumba, mdogo hukata vipande vyote, kisha mkubwa anachagua, anafuata wa pili, mpaka kinachobaki kinakuwa cha aliyekata. Ndiyo maana haibi: akipendelea kipande kimoja, hicho ndicho kitakachoondoka kwanza. Kukiwa na nyumba, anayemtangulia kitindamimba kwa kuzaliwa ndiye hugawa viwanja vya nyumba, na kitindamimba huchagua kwanza. Toleo moja la sheria humpa hata boma kuu, chungu kikubwa cha kupikia, shoka la kuni na kisu cha plau.

Wengi hukosea kwa kupima hatua tu. Ekari yenye kisima si sawa na ekari iliyo mbali na maji, wala mizabibu iliyozeeka si sawa na ile inayoanza kuzaa vizuri. Hesabu kreti za msimu uliopita kwa kila mstari, ndipo uchomeke vigingi. Halafu maji na njia ya kupita muyaandike kuwa ya wote kabla mtu hajachagua.

Jambo jingine: kwa sheria hiyo ya Wales, mgao wa ndugu ulidumu maisha yao tu. Watoto wao waliweza kudai usawazishwe upya, na wajukuu pia, vitukuu hawakuweza. Kwenu msiache mlango huo wazi, maana nani atapanda miche mipya kwenye ardhi itakayokatwa tena? Andikeni kwamba mgao ni wa kudumu.

Usishangae ukisoma kwamba wanawe Hywel walipigana na wana wa Idwal huko Carno mara tu alipofariki, na Gwynedd ikawaponyoka. Kanuni hii ilikuwa ya mashamba. Kiti cha enzi sheria ilikitengea mrithi mmoja, *edling*, na hapo hakuna kigingi cha kuchomeka.

Kuhusu dada yenu: sheria ya Hywel haikumpa binti ardhi ya baba akiwa na kaka. Hilo liacheni hukohuko. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kata vipande vinne, naye achague zamu yake ikifika kwa umri.